Sifuri kwa Imani

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba Tata Marcella alifumba macho kabla ya kubonyeza simu.

Watu hufumba macho wakiomba au wakimeza dawa chungu. Sikuwahi kumwona mtu akifumba macho ili abonyeze simu. Nilikuwa nimelala kwenye kochi la sebuleni, mguu wa kulia juu ya mito, na simu yake ilikuwa imetoa ule mlio wa jioni. Kwenye kioo kulikuwa na nyuso zilizopangwa, kuanzia ule unaocheka, wenye sifuri, hadi ule unaolia, wenye kumi. Tata akafumba macho, midomo ikacheza kidogo, kidole gumba kikashuka. Kilishukia uso unaocheka.

Nilidhani amekosea kwa kuwa hakuwa amevaa miwani. Mimi jioni hiyo, kama ningeulizwa, ningesema nane.

Marcella ni dada ya marehemu mama yangu, na sisi Wameru dada ya mama tunamwita tata. Ndiye aliyenilea hapa Kaaga, Meru. Lakini sikuumia Kaaga. Niliumia kule Kiambere, nilikokuwa nimeenda kumsaidia binamu yangu Lorna kuvuna ndengu. Nikiteremka na gunia mgongoni, jiwe liliponyoka chini ya mguu wangu, nikaangukia mwamba kwa goti. Pia ya goti ilipasuka vipande viwili. Wakanipeleka hospitali Embu, madaktari wakanipasua na kuvifunga vile vipande kwa waya.

Siku ya kutoka, nesi mmoja anayeitwa Peninah alikuja akaketi kando ya kitanda changu. Simu yangu ni ile ndogo ya vibonyezo, kwa hivyo ile programu ya hospitali aliiweka kwenye simu ya tata. Akanionyesha nyuso zile.

“Kendi, wewe utakuwa Meru na mimi niko Embu,” aliniambia. “Sitaona ukikunja uso. Kila asubuhi na kila jioni hii simu itakuuliza unaumwa kiasi gani. Kulingana na jibu lako, ambalo nami nitaliona huku, itakwambia umeze dawa gani na ufanye zoezi gani. Ukiidanganya, na yenyewe itakudanganya.”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Na magoti usipige. Hata kanisani. Mpaka mimi mwenyewe nikwambie.”

“Tumesikia, nesi,” tata akajibu kwa niaba yangu.

Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mimi si mtu wa maneno. Wageni wakiingia, sauti yangu hurudi tumboni. Mtu akiniuliza habari, tata huwa ameshamjibu: Kendi hana neno, Kendi ameshiba, Kendi hapendi chai ya maziwa. Chai ya maziwa naipenda sana. Lakini nikishajibiwa, huwa naona taabu kuanza upya.

Kwa hivyo jioni ile ya uso unaocheka nilinyamaza. Asubuhi yake nikaangalia tena. Sasa alikuwa na miwani. Akafumba macho, akabonyeza palepale.

“Tata,” nikasema, “umebonyeza ile ya kucheka.”

“Najua.”

“Lakini naumwa.”

Aliniwekea kiganja mdomoni, taratibu, kama mtu anayemzuia mtoto asiseme tusi mbele ya wageni.

“Shindwe! Usikiri hayo maneno, mwari, binti yangu. Ugonjwa unakaa pale unapotajwa. Mimi nimebonyeza kwa imani. Namwandikia Mungu mahali tunapokwenda, sio mahali tulipo.”

Mtu asidhani tata ni mbaya. Mwanawe Kiunga alipokuwa mchanga alishikwa na homa ya mapafu, na kila aliyeingia nyumbani alitoka akisema huyu haoni Jumapili. Tata peke yake alikataa kusema. Watu walipouliza mtoto anaendeleaje, alijibu, “Mzima kabisa,” huku mtoto akikoroma mikononi mwake. Kiunga leo ni fundi wa magari Nairobi, mnene. Tangu hapo tata anaamini kuwa aliyemponya ni yeye na mdomo wake, pamoja na Mungu. Na sasa, badala ya mdomo, alikuwa amepata kidole.

Simu ikamwamini. Haikuchukua muda, asubuhi moja ikaongea kwa ile sauti yake ya kike iliyotulia: “Hongera, Kendi! Maumivu yako yamekwisha. Sasa acha zile dawa kali. Endelea na hatua inayofuata ya mazoezi.”

“Umesikia?” Tata akapiga makofi. “Hata simu inashuhudia!”

Akachukua zile tembe kubwa nyeupe kutoka mezani akazifungia kabatini kwake. Zikabaki zile ndogo za kuuzwa dukani, za maumivu ya kichwa. Kisha akasimama mbele yangu na simu mkononi, ikionyesha picha ya mtu aliyeketi ukingoni mwa kitanda akikunja goti hadi kisigino kimeenda chini kabisa. Yule mtu wa kwenye picha hakuwa na jasho.

Nikakunja. Nilihisi kama mtu anang'oa msumari ndani ya mfupa kwa koleo. Nikauma ncha ya leso.

“Endelea. Bado kidogo.”

“Siwezi.”

“Unaweza. Simu imesema umefika hapo.”

Sikuwa nimefika hapo. Aliyekuwa amefika hapo ni ile sifuri. Ilikuwa inatembea mbele yangu, na mimi navutwa nyuma yake kama mbuzi wa mnada.

Akina mama wa kanisa walikuja kuniona, na uji kwenye chupa za chai, na ndizi. Mmoja wao, Mama Angeline, ni jirani yetu mwenye mwili mkubwa na maneno makubwa zaidi. Aliketi karibu na miguu yangu, akaniangalia.

“Kendi, mbona umekonda hivi? Goti linakula nini, linakula wewe?”

Wakacheka. Tata akajibu upesi, “Huyo mzima, Mama Angeline. Angalia hapa kwa simu. Sifuri, sifuri, sifuri. Asubuhi na jioni.”

“Sifuri!” Mama Angeline akashika shavu. “Mimi hata bila kuanguka nina nne.”

Wakacheka tena. Akanigeukia. “Ni kweli, mwari? Hakuna uchungu?”

Macho yote yakanijia. Nilisikia maneno yakipanda, yakafika kooni, yakageuka. Nikasema kile kila mtu hapa husema akiwa mgonjwa mbele ya wageni: “Niko salama. Tunashukuru Mungu.” Walipoondoka nilijigeuza nikatazama ukuta, nikajichukia kuliko nilivyolichukia goti.

Kisha goti likaanza kuwa la moto. Sisemi moto wa kuumwa, ule niliuzoea. Hata kiganja kilisikia joto. Ngozi ya pembeni mwa mshono ikavimba ikang'aa, na asubuhi moja nikakuta kitambaa cha jeraha kimelowa maji ya manjano. Nikamwita tata nikamwonyesha.

Alitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Niliona uso wake ukibadilika, halafu nikaona akiurudisha.

“Ni uchafu unatoka,” akasema. “Ugonjwa ukitoka lazima upite mahali.”

“Nesi alisema likitoa maji tumwambie. Nipe simu nimwambie.”

“Umwambie nini? Jumapili ni shukrani, Kendi. Mchungaji anakuja. Nimewaalika hata watu wa Gitimbine. Unataka nisimame niseme nini?”

Hapo ndipo niliposikia habari ya shukrani kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imepangwa yote. Viti vya kukodi, wali, mbuzi wa mjomba Gikunda, ambaye ni mume wa tata na huchinja bila kuuliza sababu. Na mimi ningetoka ndani bila magongo, nitembee hadi mbele ya mchungaji, nipige magoti, niombewe maombi ya shukrani.

“Nipige magoti?” nikauliza.

“Utashukuru ukiwa umesimama kama askari?”

“Tata, nesi alikataza.”

“Nesi ni mtu.”

Nikaomba simu tena jioni. Akasema haina chaji. Nikaomba kesho yake. Akasema niache kusumbuka, amenijazia tayari. Alikuwa anaifunga kwa ule mchoro wa kidole ambao siujui, na alikwenda nayo kila mahali, hata zizini, ndani ya mfuko wa aproni. Ndipo nilipoanza kukasirika. Nimeishi miaka mingi bila kujua ladha ya hasira yangu mwenyewe. Ilinifaa kuliko zile tembe za dukani. Nikalala pale kwenye kochi nikamwambia moyoni: Goti hili huwezi kulifungia kabatini. Mimi Jumapili sipigi magoti. Sijui nitafanya nini, lakini magoti sipigi.

Jumapili ikafika. Baada ya ibada, jua likielekea kushuka, uwanja wetu ukajaa. Walinikalisha chini ya turubai, kwenye kiti chenye mto, mguu umenyooshwa, nguo ndefu imefunika kila kitu. Tata alikuwa amevaa sare yake ya chama cha akina mama, anapendeza kweli. Mbele yetu kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, na juu ya meza spika kubwa ya kuazima, na kando ya spika simu ya tata, kwa sababu nyimbo zote zilitoka humo. Alikuwa ameifungua kabisa ili isije ikajifunga katikati ya wimbo. Tangu iingie mfukoni mwake sikuwahi kuwa karibu nayo hivyo.

Mchungaji akahubiri kifupi. Ni mtu mpole, mwenye kupenda kumaliza mambo mapema. Akampa tata nafasi. Tata akashuhudia. Akaeleza Kiambere, mwamba, waya, Embu. Akaeleza sifuri. Watu wakapiga vigelegele. Kisha akanigeukia na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli.

“Kendi wangu, inuka. Njoo upige magoti umshukuru Mungu wako.”

Mwanamke mmoja akanishika kwapani kuniinua. Nikashikilia kiti.

“Inuka, mwari,” tata akasema tena, safari hii chini chini.

“Sipigi magoti,” nikasema. Ilitoka ndogo sana. Aliyekuwa karibu ndiye aliyesikia, akaniachia mkono.

“Ati anasema nini?” mtu akauliza nyuma.

Tata akacheka kidogo kuwatuliza wageni. “Anaona haya. Mnamjua Kendi.”

Ndipo simu ikalia mlio wake wa jioni. Ilikuwa imeunganishwa na spika, kwa hivyo ule mlio ukapiga uwanja mzima, kuku wakakimbia. Na ile sauti ya kike, kubwa kama ya mtangazaji, ikasema juu ya vichwa vya watu wote:

“Habari ya jioni, Kendi! Leo unaumwa kiasi gani? Bonyeza uso unaofanana na maumivu yako.”

Mama Angeline, ambaye hawezi kukaa na kimya, akapaza sauti: “Jibu basi, Kendi! Umeulizwa!”

Watu wakaangua kicheko. Tata hakucheka. Alipiga hatua kuelekea meza huku mkono umetangulia, na niliona ameanza kufumba macho. Lakini meza ilikuwa karibu nami kuliko naye. Niliegemea, nikaivuta simu, nikaikumbatia kifuani.

“Nipe nikujibie,” tata akasema.

“Hapana.”

“Kendi!”

“Hapana, tata. Imeniuliza mimi.”

Nikatafuta. Nilipita ule unaocheka, nikapita wenye midomo iliyonyooka, nikafika kwenye ule unaokaribia kulia, wenye tisa. Nikabonyeza kwa macho yaliyo wazi.

“Asante, Kendi,” spika ikasema. “Je, jeraha lina joto?”

Nikabonyeza ndiyo.

“Je, jeraha linatoa maji au usaha?”

Ndiyo.

“Kendi, usikiri!” tata akapaza sauti. “Mbele ya mtumishi wa Mungu! Usikiri!”

“Sikiri kitu,” nikasema, na sasa sauti yangu ilifika hadi kwenye sufuria. “Nimeulizwa, najibu.”

Hakuna aliyecheka tena. Wakati huo huo simu ikaanza kuita mikononi mwangu, nikaipokea, na sauti ya nesi Peninah ikatoka kwenye spika, mbele ya wageni wote wa Gitimbine.

“Kendi? Nani amejaza hii? Tangu utoke hapa ulikuwa sifuri, sasa tisa?”

“Hii ni mimi,” nikasema. “Zile nyingine sio mimi.”

Nilimsikia akivuta pumzi.

“Goti linakunjika?”

“Kidogo. Na ni la moto.”

“Sikiliza. Usilikunje, usisimamie huo mguu. Unaenda hospitali iliyo karibu saa hii. Saa hii, sio kesho. Mimi nazungumza nao, na wakikuhudumia watakuleta huku. Kuna mtu mzima hapo?”

Watu wazima walikuwa kama mia. Wote walitazama viatu vyao. Aliyejibu ni mchungaji. Alikuja karibu na simu akasema, “Nipo, dada. Gari langu liko hapa. Tunaondoka.” Kisha akamwambia tata kwa upole, “Mama Kiunga, Mungu hatakosa shukrani kwa kungoja. Tumpeleke mtoto.”

Mjomba Gikunda alinibeba hadi kwenye gari, na mikono yake ilinuka mbuzi. Tata aliingia nyuma, akakaa kando yangu, mkoba magotini. Njia nzima hakusema ila mara moja: “Umeniaibisha, Kendi.” Sikumwomba msamaha. Nilitaka kumwomba, kwa mazoea, lakini nilipofungua mdomo nikaona sina cha kuomba.

Jeraha lilikuwa limeshika usaha. Walilisafisha Meru, na kesho yake gari la wagonjwa likanipeleka Embu, wakalifungua tena na kuliosha. Daktari alisema waya umeshikilia, bahati yangu. Alisema mfupa haujaoza, lakini uvimbe ungekaa juma jingine tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Na akasema, bila kunificha, kwamba goti litakunjika, ila huenda lisikunjike lote. Kuteremka Kiambere na gunia la ndengu, hiyo nisahau kwanza. Nililia kwa ajili ya hilo. Nililia kwa sauti, wodini, mbele za watu, na hakuna aliyenifunika mdomo.

Nesi Peninah alileta simu ya zamani iliyopasuka kioo pembeni, aliyokuwa ameacha kuitumia, akaweka ile programu humo. “Hii ni yako,” akasema. “Na hizi tembe unakaa nazo wewe.” Akamtazama tata. Tata akatazama dirisha.

Alikuja kila siku, tata. Aliniletea chai, akaniosha mgongo, akanisuka nywele. Hakuna aliyeweza kusema hanipendi. Siku moja alasiri aliweka chupa ya chai chini, akavua miwani, akaweka mkono wake juu ya bandeji, na nikamwona anafumba macho.

“Baba,” akaanza, “tunakushukuru kwa kuwa mtoto huyu haumwi, hana uchungu, hana—”

Nikauondoa mkono wake. Sikuutupa. Niliushika nikauweka juu ya kitanda, nikaubakiza ndani ya wangu.

Alifumbua macho. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna.

“Kwani nimekukosea nini?” tata akauliza, na sauti ilimkatika. “Kila nilipobonyeza, nilikuwa nakuombea. Wewe ulidhani nafanya nini?”

Nilijua alichokuwa anafanya. Nilijua tangu ile jioni ya kwanza. Na jibu lake nilikuwa nalo, nililibeba kwenye kochi, nikalibeba mbele ya wageni, nikalibeba tangu nikiwa mtoto mdogo nyumbani kwake, na sikuwahi hata mara moja kulitoa. Nikamtazama machoni.

“Tata,” nikasema, “ukitaka kuniombea, niulize kwanza naumwa wapi.”